Vibati vya Gurudumu la Kati

Chuoni walimwita mwalimu huyu wa roboti Mama Shuka, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Kila alipotoka karakana aliifunika roboti yake kwa shuka la kitandani, akalibana kwa vibanio vya nguo, kama mtoto mchanga anayekingwa na kijicho. Msimcheke. Mwaka uliopita alibuni namna ya kuunganisha mota na magurudumu, na siku ya mashindano akaikuta, mnyororo kwa mnyororo, kwenye roboti ya chuo jirani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu tangu siku hiyo alishtuka hata mlango ukilia.

Mwaka huu mkuu wa chuo hakumumunya maneno: mkishindwa tena, karakana hii naifanya stoo ya viti vibovu. Basi akabuni upya. Magurudumu sita ya mpira, matatu kila upande, na siri yote ikawa kwenye yale mawili ya kati. Aliyateremsha unene wa ukucha tu, kwa kupachika vibati vyembamba kati ya fremu na ekseli yao. Roboti ikitaka kugeuka, inaegemea ya kati, haiburuzi mengine. Aliyejua ni yeye na Mungu wake. Hata mdogo wake wa kiume, fundi wa kuchomelea aliyeiunga fremu nzima, alipouliza, "Dada, mbona inachezacheza hivi?" alijibiwa, "Wewe choma vyuma, mengine niachie."

Asubuhi ya mashindano akaijaribu sakafuni. Mbele ilienda, nyuma ikarudi. Kugeuka sasa, lo! Ikarukaruka, mpira ukalia kwenye saruji, mota zikaanza kunuka. Akachungulia chini. Vibati havipo.

Ufunguo wa karakana wanao wawili tu, yeye na mdogo wake. Tena juzi alimwona getini akicheka na kocha wa chuo jirani, wanapigana mabega kama watu waliokula pamoja. Wakati ule alijikaza asiwaze mabaya. Sasa aliyawaza yote, na mengine akaongeza.

Mdogo wake akaingia akipiga mluzi, ameshavaa shati la kutokea.

"Wamekupa nini?" Mama Shuka akamvaa.

"Nani?"

"Usinifanye mtoto! Kikulacho ki nguoni mwako, na wewe nimekulea mimi. Toa vya mfukoni. Vyote, wanafunzi waone."

Wanafunzi wakatazama viatu vyao. Mdogo mtu akacheka kidogo, akidhani ni utani, kisha kicheko kikamkauka. Akageuza mifuko juu ya meza. Vikatoka leso, chaki ya kuchorea vyuma, na vibati viwili.

"Hivi?" akasema. "Jana nilipita kuipangusa, isiende na vumbi. Nikaipima kwa pimamaji, inayumba kama kiti kibovu. Nikajua dada alikuwa na haraka. Nikavitoa, nikakaza vizuri. Yule kocha alinichokoza getini eti roboti yetu itatembea kama kaa. Nikamwambia aje aone kazi ya dada yangu. Sikutaka wakucheke."

Aibu ikamkaba Mama Shuka. Angemweleza siku ile alipouliza, wasingefika hapa. Hilo alilijua, na wanafunzi nao walilijua. Ikabidi amweleze sasa, mbele ya wale wale, kwa sauti ndogo. Mdogo wake akasikiliza hadi mwisho. Akavua lile shati la kutokea, akalala chali chini ya roboti, akavirudisha.

Mchana roboti iligeuka ukumbini hadi watu wakapanda juu ya viti. Kocha wa chuo jirani akapiga makofi shingo upande. Karakana imepona. Mama Shuka, machozi yanamlenga, akamtafuta mdogo wake amkumbatie. Akamkuta mlangoni anafunga boksi la spana.

"Tumeshinda, mdogo wangu!"

"Hongera, mwalimu," akasema. Tangu ajue kuongea hakuwahi kumwita kitu kingine ila dada. "Ukiwa na kingine cha kuchomelea, utamtuma mtu aniite."