Pale Ngoma Iliponyamaza

Iko Ijumaa moja ya miaka ya tisini ambayo bado inanifinya, mwanangu, hasa nikikuona hapo na simu yako ukikata picha za wimbo, kidole kinakwenda kama cherehani. Keti kidogo. Sitakuchelewesha, na hata nikikuchelewesha, mimi sina pa kwenda. Sijawahi kuwa na pa kwenda.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nakaa kwa mama yangu Kawangware, na nilikuwa na deki mbili za video zilizounganishwa kwa waya. Moja inacheza kanda, nyingine inarekodi. Ukitaka kutoa kitu, unasimamisha ile inayorekodi, unangoja kipite, unaachilia. Studio nzima ilikaa juu ya meza ya kulia chakula. Niliipenda kazi ile kwa sababu haikunidai kutoka nje. Mama alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu msimwondoe hapo, ukuta utaanguka."

Wiki hiyo nilikuwa na wimbo wa kwaya ya kina mama Waluhya wa Gatwekera, kule Kibera. Aliyewapiga picha ni Odhiambo, fundi wa kamera wa hukohuko. Siku ya kurekodi nilialikwa, nikasema nina kikohozi. Kiluhya sijui hata cha kuombea maji, lakini ngoma za isikuti, nani hazimtikisi bega? Nikaamua huu ni wimbo wa harusi. Kila ngoma ikigonga, nabadilisha picha: mguu, bega, mguu, meno. Katikati nikakuta kosa. Ngoma zimenyamaza, kina mama wamesimama tu, mwimbishaji anaita kitu mara tatu, halafu kimya kirefu. Nikasema maskini, wamesahau wimbo. Nikaitoa sehemu hiyo yote, nikaunganisha ngoma kwa ngoma, ungesikiliza usijue kuna kilichotoka. Nikajisifu mwenyewe, nikabaki na nakala niliyoikata, na jirani mmoja akanirudishia kanda ya asili kwa Odhiambo.

Ijumaa hiyo adhuhuri akaja mwimbishaji mwenyewe, Mama Minayo, kuchukua kazi. Nikamwekea. Akawa anatikisa kichwa kufuata ngoma, nami nikavimba. Wimbo ukaisha. Akaniuliza, "Kageha yuko wapi?"

"Kageha ni yupi kati yao, mama?"

"Hayuko kati yao. Tulimzika mwezi uliopita. Pale katikati ngoma zinasimama, namwita jina mara tatu, tunangoja. Haitiki. Wimbo ni hapo, kijana. Hizo kelele zingine ni za kumsindikiza tu."

"Nilidhani ni harusi."

"Harusi! Kwani kwenu mkifiwa mnanong'ona?"

"Tunaimba polepole."

"Sisi tunapiga mpaka kifo kione haya." Hapo sauti yake ikashuka. "Mazishi yalikuwa kwao Vihiga, tukaweza kwenda wawili tu. Mama yake akaniuliza, huko Nairobi kuna mwingine aliyemlilia mtoto wangu? Nikamwambia nitamletea aone. Basi letu ni kesho asubuhi. Na wewe umemtoa Kageha kwenye wimbo wake."

Mwanangu, nilitafuta pa kuficha uso, na chumba kilikuwa kimoja. Tena kulikuwa na jambo baya zaidi: Odhiambo hakuwa mtu wa kuacha kanda ilale. Akirudishiwa, anarekodi picha nyingine juu yake.

Nikavaa viatu. Mama yangu akashika mlango kwa mshangao. Tukakatiza Riruta kwa miguu, tukavuka Ngong Road, na tulipofika Ayany, ukingoni mwa Kibera, nilikuwa nahema kama mbuzi wa kukimbizwa, Mama Minayo yuko mbele na kitenge chake, hatokwi hata na jasho. Akageuka. "Kumbe ndiyo maana picha zako zinakimbia hivyo. Mwenyewe huwezi!"

Odhiambo tulimkuta mlangoni pake, kamera begani.

"Niaje! Hiyo kanda? Iko humu ndani ya kamera, maze. Nina harusi saa kumi. Nimejaribu tu kidogo kuona kama inashika."

Akatuchezea kanda. Nilipomaliza kukata nilikuwa nimeitazama tena sehemu ile niliyoitoa, nikairudisha kanda imesimama pale ngoma zinaponyamaza, na yeye akajaribia palepale. Kwa hiyo tukaona viatu vya Odhiambo. Viatu, viatu, tena kwa karibu. Kisha vikatoweka, na sauti ya Mama Minayo ikaita, "Kageha!" Ikaita tena. Mwito wa kwanza ulikuwa umekwenda na viatu.

Tukarudi Kawangware na kanda, jua bado liko juu. Nikaanza upya, naye ameketi ubavuni pangu. Safari hii nilimwachia kila mama uso wake mpaka amalize ubeti. Ngoma zikakimbia, picha ikatulia. Tulipofika kwenye kimya, niliuondoa mkono kabisa kwenye deki. Mama yangu akaacha jiko lake pembeni, akaja na mwiko, akasimama.

"Mama, unisamehe," nikamwambia Mama Minayo. "Ile mara ya kwanza siwezi kuirudisha."

Akakaza kitenge chake. "Wacha. Kageha hata akiwa mzima, ukimwita mara ya kwanza alikuwa haitiki. Mama yake atajua ni yeye."

Akacheka, na kicheko kikageuka kilio, mama yangu akaweka mwiko chini akamshika.

Basi neno langu kwako ni hili, mwanangu. Mdundo utakuonyesha pa kukatia, lakini hautakwambia kama wimbo unacheka au unalia. Hilo waulize wenye wimbo, tena uende kwao, usijifanye una kikohozi. Na ukikuta mahali pamenyamaza, usipafute haraka. Uliza kwanza ni nani anayengojwa hapo.

Mungu aibariki mikono yako. Akupe macho ya kutulia kwenye uso wa mtu. Na siku jina lako litakapoitwa, wasikose watu wa kungoja uitike.