Mlinzi wa Viatu

Kwenye chumba cha kufulia cha hoteli walimwita Mlinzi, ingawa kazi yake ilikuwa kupiga pasi. Jina alilipata kwenye matembezi ya kila mwaka, hoteli inapofungwa kupakwa rangi na wafanyakazi wakapelekwa korongoni, kwenye mto wa mawe na daraja la kamba. Wenzake walivaa kofia ngumu, wakapanda miamba, wakaning'inia, wakapiga kelele kama watoto waliofunga shule. Yeye alitandika taulo ukingoni akalinda viatu vyao. Mwaka wa kwanza alisema kichwa kinamuuma. Mwaka wa pili lilikuwa goti. Baada ya hapo hawakumuuliza tena, walimrundikia tu viatu mbele yake wakaenda zao.

Alikuwa mwoga, na wala hakuficha. Mama yake, Mungu amrehemu, alikuwa na methali moja aliyoitumia kwa kila kitu, kuanzia mti mrefu hadi mume wa mtu: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Basi binti akakua akizunguka. Penye mbwa alizunguka, penye ngazi isiyo na ukuta alizunguka, na penye ugomvi alizunguka mbali zaidi. Mtu wa namna hiyo kupanda ndege akaishi nchi ya watu ni kichekesho, ila shida haimuulizi mtu kama yuko tayari. Mwanamume wake aliingia mitini kabla mtoto hajaota jino. Kazi ikapatikana ng'ambo, ya miaka miwili, na yule mtoto wa kike akaachwa kwa dada mtu, mkubwa wake kwa tumbo moja. Miaka miwili ikaomba nyongeza, nayo nyongeza ikaomba nyongeza yake.

Kosa lenyewe halikuanza kwa ubaya. Dada alikuwa na watoto wake, na hao walimwita yule wa ng'ambo mama mdogo, kwa sababu ndivyo alivyo. Mdogo wa mama ni mama mdogo, hilo halina rufaa. Kitoto kilipoanza kusema kikafuata wenzake. Siku moja simu ikawekwa sikioni mwake, na sauti nyembamba ikatoka: "Mama mdogo, hujambo?" Nyumba nzima kule ikaangua kicheko. Dada alicheka mpaka akakohoa. Huku naye, amesimama na pasi mkononi, akacheka.

Angesema pale pale, "Mimi si mama mdogo, mimi ni mama," yangekwisha kwa pumzi moja. Lakini watu wanacheka, utawaharibiaje kicheko chao? Akajiambia atasema wiki ijayo. Wiki ijayo ikaja na pilikapilika zake, mtoto akaongeza maneno mengine, na lile la kwanza likaota mizizi.

Alirudi nyumbani mara moja tu, mtoto akiwa darasa la tatu. Kwenye ndege alikariri maneno yake kama anayekwenda kutahiniwa. Alipofika, kabla hajaweka begi chini, mtoto alitokea jikoni na bilauri ya maji, ameishika kwa mikono miwili, anatembea taratibu isimwagike. Akasimama mbele yake, akamtazama usoni, akasema, "Karibu, mama mdogo."

Dada alisimama nyuma ya mtoto. Macho yake hayakuwa na chuki, yalikuwa yanangoja. Mgeni akanywa maji yote ili apate muda, akarudisha bilauri, akasema, "Asante, mwanangu."

Naye akadhani amesema! Ndiyo balaa la lugha yetu na ukarimu wake. Kila mtu mzima humwita kila mtoto mwanangu: mwalimu, kondakta, askari, hata mtu anayekuuliza njia. Mtoto alichukua bilauri akarudi jikoni. Mama wa watu alikaa mwezi mzima pale akizunguka. Alimsuka nywele, akamkagua madaftari, akamkata kucha, na kila asubuhi alijiahidi jioni. Siku ya kuondoka mtoto alimpungia mkono jinsi watu wanavyompungia shangazi, akakimbilia mpira.

Miaka ikaenda. Halafu asubuhi moja dada akapiga simu, na hakuwa na salamu ndefu.

"Mdogo wangu, mwanao amekuwa mkubwa. Amevunja ungo. Nimemfunda nilichojua."

"Mbona hukunipigia kabla?"

"Ningekupigia kukuambia nini? Alinifuata mimi." Kisha akasema, "Mwambie ukweli. Usipomwambia wewe ataambiwa barabarani, na barabarani hawana huruma. Mimi sitamwambia. Si neno langu hilo."

Siku ile aliunguza shuka mbili za wageni, jambo lisilowahi kumtokea.

Pale kazini alikuwapo mtu mmoja tu aliyesema naye lugha ya kwao, mwanamume wa makamo aliyetunza boila ya maji ya moto, na kwa hiyo akaitwa Boila. Mdomo wake ulikuwa hauna breki. Alipoona shuka zimeungua alivuta ndoo akaikalia, akasikiliza hadithi yote bila kukatiza, jambo ambalo nalo lilikuwa jipya.

"Kwa hiyo unamwogopa mtoto wako mwenyewe," akasema mwishoni.

"Simwogopi yeye. Naogopa atakachojibu."

"Wewe, dada, unaogopa hata kivuli cha mwiko. Haya, mwaka huu vuka lile daraja la kamba."

"Daraja linahusikaje?"

"Vuka. Ukifika upande wa pili piga simu hapo hapo, kabla woga haujajua umekwenda wapi."

Alimcheka. Lakini usiku na mchana maneno yale yalimkaa kichwani. Miaka yote hii watu wa kwao wanasema yuko ng'ambo, naye hajawahi kuvuka kitu kwa miguu yake.

Siku ya matembezi ilipofika, wenzake walimrundikia viatu kama kawaida. Yeye akavua vyake, akaviweka juu ya rundo, akaenda kupanga foleni na wengine. Makelele yaliyozuka hapo! Kijana wa korongoni alimfunga mkanda kiunoni na kumpa viatu vya mpira. Alimkaza mara mbili, maana alitetemeka mpaka pete za chuma zikagongana.

Daraja lilikuwa mbao nyembamba zilizopangwa kwa nafasi, na kati ya mbao na mbao ungeweza kuuona mto unavyopiga mawe. Alikanyaga ubao wa kwanza, daraja likayumba. Akataka kurudi. Hapo akakumbuka kitu pekee alichokijua bila woga, nacho ni shati. Shati lina mpangilio wake, ukiukosea utakunja ulipokwisha kunyoosha. Kola, akasema, akakanyaga. Bega la kushoto. Bega la kulia. Mikono. Kifua. Mgongo. Akaanza shati jingine.

Katikati upepo ukaja. Alishika kamba akafumba macho, hasogei. Kutoka ukingoni Boila akapaza sauti: "Pole! Pole!"

"Pole ya nini?" akalia kwa hasira. "Nimekufa?"

"Nasema polepole, mwanamke we! Upepo umekula nusu!"

Akacheka, huku machozi yanamtoka, na kicheko kile kikamfungua magoti. Alipiga pasi mashati yaliyobaki mpaka mguu wake ukagusa mwamba.

Alifurahi, na hana budi kusadikiwa katika hilo. Alifurahi kuliko siku alipopata kazi, kuliko siku alipopewa chumba chenye dirisha. Alisimama juu ya mwamba, mikono inawaka, kifua wazi, akahisi kwamba hakuna mlango duniani usiofunguka akiusukuma. Upande wa pili wenzake walikuwa wanaruka na kumwita jina lake halisi, ambalo hakujua kwamba wanalijua. Boila aliweka ngumi sikioni kumwonyesha: simu.

Akapiga. Mtoto mwenyewe akapokea, sauti imekwisha kuwa ya mwanamke.

"Haloo, mama mdogo! Mbona unahema?"

"Nimevuka daraja la kamba. Sasa hivi."

"Wewe?" Kule kikasikika kicheko. "Mama! Njoo usikie, mama mdogo kavuka daraja!"

"Usimwite. Nisikilize kwanza." Alikaa chini. "Usiniite mama mdogo. Mimi ndiye mama yako. Mimi ndiye niliyekuzaa."

Alisikia sufuria ikifunikwa kule, na nyayo zikitoka nje ya nyumba.

"Najua," mtoto akasema.

"Unajua? Nani amekuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Kila anayekuja hapa anasema nimefanana na wewe mpaka vidole vya miguu, halafu anatazamwa, halafu ananyamaza. Si mjinga mimi. Nilijua kabla hujaja ile mara."

"Ulikuwa mdogo mno kujua."

"Nilikuwa darasa la tatu. Wenzangu walitaka kukuletea maji, nikawakataza, nikaleta mwenyewe. Nikakuambia karibu mama mdogo. Nilisema makusudi, ili unikatalie."

Mama aliikumbuka bilauri ile.

"Ukasema asante mwanangu," mtoto akaendelea, bila hasira. Laiti angekuwa na hasira. "Kama ulivyowaambia wote. Nikangoja mwezi mzima. Ukinisuka nangoja, ukinikata kucha nangoja. Nikaona basi, labda unanionea haya."

"Siyo haya, mwanangu. Naapa siyo haya. Niliogopa tu."

"Hata mimi niliogopa. Nami ndiye niliyekuwa mtoto."

Mto ulikuwa unapiga kelele chini. Mama aliisukuma simu sikioni mpaka ikamuumiza.

"Sasa je?" akauliza. "Sasa si nimesema?"

"Umesema, nimesikia." Kule mlango ulifunguliwa, sauti ya dada ikaita kwamba chakula kiko tayari. "Naja, mama!" mtoto akajibu, mbali na simu. Kisha akarudi, na sauti yake ilikuwa ya upole, upole wa kumwonea mtu huruma. "Usilie huko juu ukaanguka. Mimi nimeshazoea hivi. Hongera kwa daraja, mama mdogo."

Simu ikakatika.

Upande wa pili walikuwa bado wanashangilia. Mmoja alikuwa amenyanyua simu yake kumpiga picha na kumfanyia ishara acheke. Akacheka. Ile picha ipo, imebandikwa ukutani pale chumba cha kufulia karibu na meza ya pasi, na wafanyakazi wapya huonyeshwa ili wajue kwamba woga unashindika.

Njia ya kurudi ilikuwa moja, lile lile daraja. Alisimama akalivuka. Hakuhesabu kola wala mikono, hakushika kamba kwa nguvu, na upepo ulipokuja hakusimama. Kijana wa korongoni alipiga makofi akasema hajaona mtu aliyejifunza upesi namna hiyo. Hakujifunza kitu. Alichokuwa akikiogopa kilikuwa kimekwisha kumfika, na mto ukabaki kuwa maji tu.

Boila alikuwa anamngoja kwenye rundo la viatu, uso umemjaa tabasamu, ameshamtafutia vyake.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

Aliinama akafunga kamba za viatu, kimoja, halafu cha pili.

"Amenipa hongera," akasema.