Damu ya Kondoo wa Bibi

Mama na mwanawe wanalala zizi moja, wanakula majani ya bonde moja, na wote wawili wanatembea vizuri. Kwa nini damu zao zisifanane? Likizo ile niliporudi Njombe kutoka chuoni nilikuwa na jibu la karibu kila kitu. La swali hilo sikuwa nalo.

Nilimsaidia bwana mifugo kuhesabu chembe nyeupe za damu kwa darubini. Homa ilikuwa imeua kondoo wengi. Bibi yangu alibakiwa na mmoja tu, jike, na mtoto wake. Akaja nao kutoka Makambako kwenye lori la mahindi ili wapimwe.

Nilihesabu mara tatu. Damu ya mtoto ilijaa chembe ndogo za mviringo. Ya mama ilikuwa nazo chache. Bwana mifugo akatazama jedwali lake la idadi ya chembe za kondoo mwenye afya.

“Huyu mkubwa mgonjwa. Achinjwe leo, asiambukize wengine.”

Bibi akanigeukia. “Mke mwenzangu, hicho kioo chako kimekuambia ana miaka mingapi?”

“Hakisemi, bibi.”

“Basi soma hapa.” Akamfunua kondoo mdomo. Mbele yalibaki meno mawili, yamelika. “Huyu mimi humpondea viazi. Nawe bwana, ukizeeka damu yako itakuwa ya kijana?”

Nikamwuliza bwana mifugo jedwali lake lilitokana na kondoo wa umri gani. Akaligeuza mbele na nyuma.

“Limetoka Uingereza,” akasema, kana kwamba huo ni umri. “Chuo kimekufundisha ubishi.”

“Ubishi nilikwenda nao.”

Akatupa wiki mbili. Kondoo na mwanawe wafungwe peke yao. Akipata homa tu, kisu.

Nikaenda Makambako na kipimajoto. Kila asubuhi nilimpondea viazi yule bibi kizee mwenye manyoya, naye akanitazama kama mkwe asiyeaminika. Bibi yangu alisimama mlangoni na shali yake mpaka nisome joto. Homa haikuja. Siku ya kumi na nne bwana mifugo alifika, akamshika masikio, akafuta neno “achinjwe” kwenye karatasi yake.

Miaka mingi baadaye ndipo niliposoma kwamba chembe zile za mviringo huongezeka katika miezi ya kwanza ya mwanakondoo, kisha hupungua polepole kadiri anavyozeeka, hata akiwa mzima kabisa.