Taa ya Tela na Shangazi

Wenzangu, taa ya tela inawaka shangazi akikaa, na inazimika akisimama.

Sitanii.

Juzi askari wa barabarani alimrudisha baba mdogo kwa sababu tela lake halikuwa na taa ya nyuma. Akirudishwa tena leo, kazi ya kubeba kahawa ya kijiji cha Iyula atapewa dereva mwingine.

Basi nikavuta waya mmoja kutoka kwenye betri ya lori lake mpaka kwenye taa ya tela, nikafunga vizuri.

Haikuwaka.

"Msomi, vipi?" baba mdogo akauliza.

Shangazi akatuletea viazi, akapanda na kuketi juu ya tela, upande wa mbele, apumzike. Taa ikawaka! Tukapiga makofi. Akasimama ashangilie nasi, ikazimika.

"Dada, kaa!" baba mdogo akamwambia.

Ikawaka.

"Kwani mimi ndiyo betri yenu?"

Kitabu chetu kinasema umeme lazima urudi ulikotoka. Sasa unarudi kwa kumpitia shangazi? Nilichoona ni kwamba akikaa, tela linashuka na kubana ile ndoano ya lori inayolivuta, ambayo baba mdogo aliipaka rangi jana.

Baba mdogo na shangazi wameshaondoka. Shangazi yuko kwenye tela, amepakata sufuria ya viazi, ananung'unika. Taa inawaka.

Anayejua sababu aniambie upesi, kabla shangazi hajaomba kushuka.