Siku Nilipomnyamazisha Mkuu Redioni

Siku yangu ya kwanza kazini nilimkuta mlinzi anaipigia redio saluti. Nawaambia kweli! Redio za mkononi zilikuwa ndiyo kwanza zimetoka kwenye maboksi, na kampuni yetu ya ulinzi, iliyoendeshwa na wanajeshi wastaafu, ilizipokea kijeshi. Sauti ya Mkuu wa Operesheni ikisikika tu, mlinzi anabana visigino, hata akiwa peke yake getini. Mimi nilizaliwa kambini, binti wa askari wa kaskazini, na Kiswahili, lugha ya jeshi letu, ndicho nilichokua nacho. Basi wakanikabidhi meza ya mawasiliano pale Old Kampala, wakaniita Mama Redio hata kabla sijaolewa.

Ninyi vijana mmezoea simu. Redio zetu zilikuwa na njia moja kwa wote: ukibonyeza kitufe unaongea, ukiachia unasikiliza, na kila lindo linakusikia. Jamani, raha iliyoje! Mlinzi wa lindo la sokoni Nakivubo, kule bondeni chini yetu, angeweza kumpata Mkuu papo hapo, bila kumtuma mtu kwa miguu. Lakini nani athubutu? Jeshini mdogo hasemi kabla ya mkubwa. Kila asubuhi alianza Mkuu, wakafuata masajini, kisha makoplo, na walinzi wapya wakaja mwisho kabisa. Mashine ilikuwa mpya, ila foleni ilikuwa ileile ya gwaride.

Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa, Mkuu alikuwa anatuhubiria habari za viatu vichafu. Kila alipoachia kitufe avute pumzi, nilisikia redio ikikwaruza, kwaa! kwaa! Mtu alikuwa anabonyeza na kuachia bila kusema neno. Nikajua huyo ana jambo, ila anaogopa. Kumkatiza Mkuu kulikuwa ni kufukuzwa kazi, na nyumbani walinitegemea mimi tu.

Mkuu alipoachia tena, nikabonyeza. "Malindo yote kimya! Na wewe Afande, kimya! Nani anabonyeza?"

"Mimi, Opio, Nakivubo." Alikuwa mlinzi mpya kuliko wote. "Maji imeingia stoo ya chini. Wamama wako ndani, mlango imekwama. Peke yangu siwezi!"

Wee! Walinzi wa kwetu waliteremka mbio na mitaimbo. Mimi nilibaki nimeng'ang'ania kipaza sauti mpaka Opio akarudi hewani: "Mama Redio, wametoka! Wote wametoka!" Nilicheka na kulia kwa pamoja, sikuona haya.

Kisha Mkuu akaja mezani kwangu. Nikasimama.

"Nani alikupa ruhusa ya kuninyamazisha?"

"Maji, Afande."

"Na mimi nilikuwa nasema nini?"

"Viatu, Afande."

"Viatu," akarudia, akavuta kiti akakaa. Wala hakunifukuza.

Kesho yake akatangaza: "Kuanzia leo anaanza mlinzi mpya kuliko wote. Mimi nitasema mwisho." Masajini walinuna, usiseme! Lakini habari zilianza kumiminika: kufuli iliyovunjwa, waya unaotoa moshi, gari geni linalozungukazunguka. Redio ni zilezile, betri zilezile, na mimi kwa mara ya kwanza nilikuwa na kazi ya kweli. Nilipenda kazi ile jamani, mpaka siku niliyostaafu.

Juzi binti yangu, meneja kwenye jengo moja la ofisi huko Ntinda, alinionyesha simu yake kwa fahari. Wamefungua kundi la WhatsApp la dharura. Bosi ameandika, na chini yake wote wamejibu "Sawa, bosi", "Sawa, bosi". Nikafurahi, nikamuuliza, "Na yule mlinzi wenu wa getini huwa anaandika nini?"

"Mlinzi? Mama, huyo hatujamuweka."

Nilisimama hata magoti yakasahau kuuma. "Muweke! Muweke sasa hivi, mimi nikiona!"