Walinipeleka Kuona Barafu, Nikaiona kwa Televisheni

Admin, nisaidie kuficha jina langu na la kijiji changu, maana hapa Tetu tunajuana hadi rangi za ng'ombe. Niko na miaka hamsini na tisa, mjane, mwalimu wa shule ya msingi niliyestaafu mapema. Naandika nikiwa na hasira, kwa hivyo nikiruka jambo mnivumilie.

Mimi napenda bahari ya joto. Nilifundisha maisha yangu yote kwa hii baridi yetu ya Julai, ile vidole vinakufa ganzi mpaka huwezi kushika chaki. Tangu nistaafu, kila Agosti mimi na rafiki yangu Wangechi, mwalimu mwenzangu, tunashuka Mombasa wiki moja. Hatufanyi mambo makubwa. Tunakaa kwa mchanga, magoti yanapata joto, tunakula viazi karai, tunarudi. Kanisani hutucheka, ati wajane wamechanganyikiwa. Wacheke.

Mwaka huu kijana wangu, mtoto wangu wa kiume wa pekee, anayeishi na familia yake ng'ambo, nchi ya baridi, alinipigia akaniambia niache Mombasa. Alikuwa amenipangia safari ya kwao, na nikifika tungepanda meli kubwa wiki nzima, tupite katikati ya milima ya barafu. Nilimwambia ukweli, kwamba baridi nimeishi nayo na sijui kama nitaifurahia. Akasema, "Mami, si wewe unapenda bahari? Hii pia ni bahari. Na safari hii ni yako."

Nikaamini. Kikundi chetu cha akina mama kikaniombea. Wangechi akaahirisha Mombasa kwa sababu yangu, tena akanisindikiza mitumba Nyeri mjini tukatafuta koti nzito na soksi za sufu.

Chumba nilichopewa kwenye meli hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na vitanda vitatu, changu na vya wajukuu wangu, wasichana wa miaka minne na miwili. Kijana na mke wake walikuwa na chumba chao mbali, chenye veranda ya kutazama bahari. Asubuhi ya kwanza mke wa kijana akaniletea karatasi aliyoiandika vizuri sana. Saa ya uji, saa ya kulala, saa ya kuoga, dawa ya kifua. Akaniambia kwa upole, "Mami, tunajua hupendi baridi. Wewe utabaki huku ndani na wasichana, huku kuna joto."

Nilibaki siku tatu. Hata chakula cha jioni tuliletewa humo. Televisheni ya chumba ilikuwa na stesheni moja inayoonyesha kile kilicho mbele ya meli, kwa hivyo milima niliyovuka dunia kuiona niliitazama nikiwa nimekaa kitandani, nikikunja nguo za watoto. Mjukuu mkubwa akaniuliza mahali hapo ni wapi. Nikamwambia ni hapo nje tu. Akauliza mbona sisi hatuendi.

Siku ya nne niliwavalisha wote wawili kila kitu walichokuwa nacho, nikawapandisha juu mwenyewe.

Watu huuliza kama mtu wa mchanga na jua anaweza kufurahia baridi ya aina ile. Mimi nawajibu, anaweza. Maji yalikuwa yametulia kabisa. Mlima ulishuka mpaka baharini ukiwa barafu tupu, na ndani ya ile barafu kuna rangi ya samawati ambayo televisheni haikuwa imenionyesha. Kipande kikubwa kama kanisa letu kikakatika kikaanguka, na mngurumo wake ukatufikia baadaye. Nimetazama Kirinyaga, Mlima Kenya wetu, kila asubuhi tangu utotoni, na theluji yake ikipungua, lakini sijawahi kuwa karibu na kitu kama kile. Pua iliuma, magoti yaliuma, nami nikalia kwa furaha, nimeshika watoto huku na huku.

Haikufika nusu saa. Wazazi wao walitukuta hapo. Kijana akasema watoto watashikwa na kifua, ati ningebaki tu chini. Mke wake akaongeza, watu wamesimama wakisikiliza, "Mami, kama hukutaka kukaa nao ungetuambia mapema, tungetafuta yaya."

Nilimwangalia kijana wangu. Yeye akaangalia maji. Nikashuka na watoto.

Nilipofika nyumbani nilikuta kijana ameweka picha yangu mtandaoni, nimevaa ile koti, na watu wananipongeza kwa kuzaa mtoto anayejua kushukuru. Kanisani nikasimama nikasema safari ilikuwa nzuri. Nilidanganya madhabahuni kwa ajili yake. Halafu binti yangu akanipigia, akaniambia kaka yake amesikitika, ati Mami hakufurahia meli kwa sababu amezoea beach. Hapo ndipo nilichemka. Wamefanya kosa lao, kisha wameibebesha baridi.

Sasa kijana amesema Desemba wanakuja, amekodi nyumba Diani ya familia nzima, "beach yako, Mami." Mke wake ameshaniuliza kama nitalala chumba kimoja na wasichana. Ni wiki ileile ambayo mimi na Wangechi tulihamishia safari yetu. Wajukuu nawapenda, sitaki mtu anielewe vibaya. Mdogo bado hulia akiniona kwa simu. Naogopa nikikataa nitakaa miaka bila kuwaona. Lakini nikikubali, nitakuwa nimewaambia kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba mimi ni yaya.

Binti yangu anasema ninyamaze, mzazi huvumilia. Wangechi anasema nimwambie kijana yote, hata lile la kuangalia maji.

Nyinyi mlio na watoto mbali, na nyinyi watoto mlio mbali, nishaurini bila kunitukana. Jumapili baada ya ibada atapiga simu akitaka jibu. Nimwambie nini?