Samaki Aliyerudishwa Majini

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na moja pale Alby, ugenini kwa Waswidi, mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa ukoo mzima. Barua ya Kiswidi ikija, naisoma mimi. Daktari akiuliza, najibu mimi. Nilishawahi kumweleza fundi bomba matatizo ya choo chetu kwa ufasaha ambao sijaufikia tena jukwaani, na jukwaani ndiko ninakopatia ugali. Mtoto mwenye cheo cha namna hiyo huharibika mapema.

Oktoba ile Mama alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili za kabla yake zilikuwa zimetoka, na hakuna aliyezitaja. Tulitembea mle ndani kama watu waliobeba trei ya mayai. Ndipo akaja Bibi, mama yake Mama, kutoka Rumonge, mji wa wavuvi kando ya ziwa, aje amwangalie mwanawe. Alishuka kwenye ndege akishuku kila kitu. Alishuku lifti. Alishuku maziwa, kwa kuwa hajamwona ng'ombe hata mmoja. Samaki wa dukani ndiyo usiseme: "Wamemkata kichwa. Wanaficha uso wake kwa nini?"

Na Mama, kwa hamu ya mimba, alitaka samaki mwenye kichwa. Basi Jumamosi moja Baba aliazima fimbo ya kuvulia kwa mwenzake wa kazini, tukateremka hadi ziwani chini ya magorofa yetu, Baba, Bibi na mimi. Hatukuwa tumewahi kuvua pale. Majani ya miti yalishakuwa manjano, maji meusi, kimya. Bibi aliyakagua yale maji kama askari wa mpakani anavyokagua pasipoti.

"Kwetu," akasema, "mgeni hatii ndoano kwenye ziwa asilolijua kabla hajamwuliza mwenyeji. Yupi mnamla? Yupi mnamwacha? Yule anayeachwa ana mwenyewe."

"Mama, maziwa ya huku yana serikali," Baba akasema, macho kwenye viatu vyake. Kwao mtu hamkodolei macho mama mkwe.

"Na hiyo serikali inakula samaki gani?"

Hatua kama thelathini hivi kutoka kwetu, mzee wa Kiswidi mwenye kofia ya sufu alikuwa anavuta kitu kizito. Akatoa abborre, wale samaki wenye milia myeusi na mapezi mekundu, dume la samaki kweli kweli. Akamshika kwa mikono miwili, akamtazama, kisha akamrudisha majini taratibu kama anayelaza mtoto. Muda si mrefu akapata mwingine, wa kiganja tu. Huyo akamtia ndooni.

Bibi akanibana bega. "Umeona? Mdogo ndooni, mkubwa majini. Nenda kamwulize."

Nikaenda. Sasa niulize nini? Samahani mzee, yule samaki ana mwenyewe? Na juu njiani wasichana wawili wa darasa letu wamesimama na baiskeli zao, wanatutazama sisi na kitenge cha Bibi.

"Hej," nikasema, ndiyo salamu yao.

"Hej," mzee akajibu.

Nikageuka, nikarudi. "Anasema wakubwa anawahurumia tu, ni mchezo wake wa Jumamosi, ziwa ni salama kabisa, tena anamtakia Mama ajifungue salama."

Bibi akanitazama kitambo. "Mtu mwema," akasema.

Baada ya saa nzima Baba naye akanasa abborre wake, urefu wa kutoka kiganja hadi kiwiko. Baba alicheza ngoma palepale kwenye matope. Nyumbani Mama akampika mwenyewe kwa mawese na nyanya, harufu ikapanda ngazi zote za jengo. Alipopeleka mkono sahanini, Bibi akaivuta sahani.

"Huyu haliwi na mwenye mimba."

"Mama jamani! Usiku kucha naota samaki!" Machozi yakamtoka.

Baba akasimama. Sikuwahi kumsikia akimpandishia Bibi sauti. "Mama, kama una jambo na nyumba hii, liseme."

Pale mezani kila mtu akawa anamshuku mwenzake. Mimi nilikuwa naukagua ugali, kwa sababu sentensi moja tu ya kweli ingemaliza ugomvi ule, nayo nilikuwa nayo mdomoni. Niliimeza.

Kwao, mama mkwe hatafuni mbele ya mkwewe. Tangu aje, Bibi alikuwa anakula chakula chake jikoni, mgongo kaupa mlango. Jioni ile akavuta kiti, akaketi uso kwa uso na Baba, akamla yule samaki mzima: mashavu, macho, mkia, akafyonza na mifupa. Baba aliutazama ukuta kama mtu aliyevuliwa nguo hadharani.

Jumanne, kliniki, mkunga akampa Mama karatasi. Nikaanza kuisoma kwa sauti kubwa, sauti ikawa inapungua yenyewe. Mwenye mimba asile mara kwa mara abborre wa maziwani. Wana sumu ya zebaki, na mkubwa anayo zaidi. Sahani moja isingemdhuru mtu, mkunga alisema. Nyumbani nikamtafsiria Bibi neno kwa neno, safari hii bila kuongeza chumvi.

"Hiyo karatasi inasema nini juu ya vikongwe?"

"Haisemi kitu, Bibi."

"Basi."

Mdogo wangu alizaliwa kabla ya Krismasi, akalia hadi jirani akagonga ukuta. Bibi akarudi kwao. Ilinichukua miaka mingi kumpigia simu na kuungama kwamba siku ile sikumwuliza mzee kitu chochote. Akacheka hadi akakohoa.

"Mjukuu wangu, mlisemezana neno moja moja. Wewe ukarudi na hotuba."

"Sasa mbona hukunisuta?"

"Nikusute, halafu nani nyumbani angeuamini tena mdomo wako? Na hatukuwa na mwingine."

Kisa hiki nakisimulia jukwaani, watu wanamcheka bibi aliyelishuku ziwa la wenyewe. Nawaacha wacheke. Hawajui kwamba alinishuku mimi, akavuta kiti, akala.